Umbali na Muda wa Ndege kati ya Viwanja Viwili: Dar es Salaam–Dubai, Hatua kwa Hatua

Anayeuliza "Dar mpaka Dubai ni mbali kiasi gani?" kwa kawaida hatafuti kilomita. Anataka kujua atoke nyumbani saa ngapi, anayempokea afike uwanjani saa ngapi, na kama ana ndege ya pili, ataiwahi au itamwacha. Akitafuta kwenye intaneti hupewa namba mbili zilizokokotolewa na mashine, moja ya kilomita na nyingine ya saa, kisha anashangaa kwamba hazilingani na tiketi aliyoishika. Namba hizo si za uongo, ila zinajibu swali jingine.

Tangu mwanzo tenganisha vitu vitatu: umbali wa mstari mfupi kabisa juu ya uso wa dunia, muda ulioandikwa kwenye ratiba ya ndege, na muda wa safari yote kuanzia mlango wa nyumbani hadi mlango wa kule uendako. Ukivichanganya, hesabu yote inaharibika. Hapa tunavipata vyote vitatu kwa njia ya Dar–Dubai, inayojulikana vizuri na wafanyabiashara wa Kariakoo. Hesabu yenyewe ni ileile kwa viwanja vyovyote.

Hatua ya 1: Jua ni viwanja vipi hasa

Usianze na jina la mji, anza na herufi tatu za uwanja zilizo kwenye tiketi. Uwanja wa Julius Nyerere ni DAR. Uwanja mkuu wa Dubai ni DXB, lakini mji huo una uwanja mwingine, Al Maktoum, wenye herufi DWC, ulio upande wa pili kabisa wa mji. Nairobi ina NBO (Jomo Kenyatta) na WIL (Wilson). London ina LHR, LGW, STN na vingine.

Mtego unaowakamata wengi hapa kwetu ni Arusha. ARK ni uwanja mdogo wa Arusha, magharibi mwa mji. JRO ni Kilimanjaro, uwanja wa kimataifa ulio kati ya Arusha na Moshi. Kati yake kuna kama kilomita 49 kwa mstari, na kwa barabara ni zaidi. Mtu akikata ndege ya kushuka ARK na nyingine ya kuondokea JRO saa mbili baadaye, tatizo lake haliko angani bali barabarani.

Hatua ya 2: Pata latitudo na longitudo za kila uwanja

Zinapatikana kwenye ramani ya simu: bonyeza katikati ya njia ya kurukia ndege na ushikilie mpaka alama itokee, namba mbili zitaonekana. Zikiandikwa kwa nyuzi, dakika na sekunde, zigeuze ziwe desimali kabla ya kufanya lolote:

DAR: 6°52′41″ Kusini, 39°12′10″ Mashariki
DXB: 25°15′10″ Kaskazini, 55°21′52″ Mashariki

Kugeuza ni rahisi. Dakika gawanya kwa 60, sekunde gawanya kwa 3,600, kisha jumlisha na nyuzi. Kwa latitudo ya Dar: 6 + 52/60 + 41/3600 = 6.878. Kosa la kawaida ni kuandika 6.5241, yaani kuzichukua dakika na sekunde kama zilivyo na kuweka nukta mbele. Kosa hilo peke yake linausogeza uwanja kaskazini kwa karibu kilomita 40, kuelekea Bagamoyo.

Kisha weka alama. Kusini mwa Ikweta ni hasi, kaskazini ni chanya. Mashariki ni chanya, magharibi ni hasi. Kwa hiyo tunabaki na:

DAR: −6.878, 39.203
DXB: 25.253, 55.364

Hatua ya 3: Kokotoa umbali

Kama unataka jibu tu, tumia chombo cha kupima umbali kilichomo kwenye ramani ya simu: gusa uwanja wa kwanza, chagua kupima umbali, sogeza alama hadi uwanja wa pili, soma. Inatosha kwa mahitaji mengi. Lakini ukiweza kukokotoa mwenyewe utajua lini usiiamini namba uliyopewa, na kazi yenyewe haizidi dakika tatu.

Geuza simu ilale ubavu ili kikokotoo kifungue vitufe vya sin na cos. Kabla ya yote, andika sin 30. Ukipata 0.5, endelea. Ukipata −0.988, kikokotoo kiko kwenye radiani (kipimo kingine cha pembe), na kila utakachopata baada ya hapo ni takataka. Tafuta kitufe kilichoandikwa Deg au Rad ukirudishe kwenye nyuzi.

Kanuni ni hii:

cos(pembe) = sin(lat 1) × sin(lat 2) + cos(lat 1) × cos(lat 2) × cos(tofauti ya longitudo)

Hapa lat 1 ni latitudo ya DAR na lat 2 ni ya DXB. Tofauti ya longitudo kwetu ni 55.364 − 39.203 = 16.161.

Sehemu ya kwanza: sin(−6.878) ni −0.11976, na sin(25.253) ni 0.42661. Ukizidisha unapata −0.05109.

Sehemu ya pili: 0.99280 × 0.90443 × 0.96048 = 0.86243 hivi.

Jumla: 0.81134. Sasa bonyeza kinyume cha cos, kitufe cha cos⁻¹, nawe utapata pembe ya nyuzi 35.77. Kila nyuzi moja juu ya uso wa dunia ni kilomita 111.2, basi zidisha: 35.77 × 111.2 = kilomita 3,978.

Angalia ile alama ya kutoa kwenye latitudo ya Dar. Ukiisahau, sehemu ya kwanza inakuwa chanya, jumla inapanda hadi 0.9135, pembe inashuka hadi nyuzi 24, na jibu linakuwa kilomita 2,669. Zaidi ya kilomita 1,300 zimepotea kwa sababu ya kistari kimoja, kwa kuwa umeihamisha Dar ukaipeleka kaskazini mwa Ikweta. Sisi tunaoishi kusini ya mstari huo ndio tunaoumia zaidi na kosa hili, maana mifano mingi ya vitabuni inatoka kwenye nchi za kaskazini ambako alama zote ni chanya.

Usishangae tovuti moja ikikuambia 3,978 na nyingine 3,960 na kitu. Zote ziko sawa. Ya kwanza inaichukulia dunia kama mpira kamili. Ya pili inazingatia kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake na kutanuka kwenye Ikweta, kwa hiyo nyuzi moja ya kwenda kaskazini karibu na Ikweta ni fupi kuliko wastani, kama kilomita 110.6. Njia inayopanda kaskazini kama hii ya Dar–Dubai hupungua kwa nusu asilimia hivi. Kwa msafiri tofauti hiyo ni dakika moja tu ya kuruka, haina haja ya kubishaniwa.

Kinacholeta ubishi wa kweli ni maili. Marubani na mabaharia hutumia maili ya bahari, yenye kilomita 1.852. Maili ya nchi kavu ina kilomita 1.609. Kilomita zetu 3,978 ni maili za bahari 2,148, au maili za nchi kavu 2,472. Mtu akisema "ni maili 2,148" na mwenzake akisema "ni 2,472", waulize kwanza wanataja maili ipi.

Kwa viwanja vilivyo karibu sana, kanuni hii inadai tarakimu nyingi. Dar hadi Zanzibar ni kama kilomita 73. Ukikadiria jumla kuwa 0.9999 badala ya kuandika 0.999934, utaambiwa kilomita 90. Kwa safari za chini ya kilomita 200, tumia njia ya shuleni: tofauti ya latitudo zidisha kwa 111, tofauti ya longitudo zidisha kwa 111 na kwa cos ya latitudo, kisha tumia kanuni ya Pithagorasi.

Mstari huo unapita wapi, na kwa nini ndege haiufuati

Mstari mfupi kabisa kati ya Dar na Dubai hutoka ukielekea kaskazini, umeinama kwa nyuzi 26 hivi upande wa mashariki. Unaambaa na pwani ya Kenya, unapita baharini mbele ya Lamu, unaingia Somalia ukielekea kaskazini-mashariki, unapita ukingo wa mashariki wa Ethiopia, unarudi Somalia, unavuka Ghuba ya Aden, unapanda Hadhramaut, unapita jangwa la Rub' al Khali, kisha unaingia Falme za Kiarabu. Kijiografia ni njia nzuri sana, na tofauti na ile ya majahazi, haizungushwi na rasi yoyote.

Ndege yenyewe hufuata njia za anga zilizopangwa, zenye vituo vyenye majina ambavyo rubani hupewa na waongoza ndege. Tena tangu vita vya Yemen vya 2015 mashirika mengi yamekuwa yakiikwepa anga ya nchi hiyo, na kuikwepa ni kusogea mashariki juu ya bahari kabla ya kuingia Oman. Ongeza mzunguko wa kuondoka, mzunguko wa kupanga foleni ya kutua, na umbali halisi unazidi ule wa mstari kwa asilimia kadhaa. Kwa hiyo kilomita 3,978 ni kipimo cha chini kabisa. Safari halisi haiwi fupi kuliko hapo, huwa ndefu zaidi.

Hatua ya 4: Geuza kilomita ziwe saa

Hapa ndipo tovuti nyingi zinapomdanganya msomaji bila kukusudia. Zinachukua kilomita, zinagawanya kwa mwendo wa ndege ikiwa juu, tuseme 900 kwa saa, na kuandika "saa 4 na dakika 25". Hakuna ratiba itakayokuonyesha muda huo. Ndege haianzi na kilomita 900. Inasukumwa kutoka kwenye maegesho, inatembea polepole hadi njia ya kurukia, inasubiri zamu, inapanda kwa dakika ishirini na zaidi kabla ya kufika mwendo wake, kisha kule mwisho inashuka taratibu kwa muda kama huo na kutembea tena mpaka kwenye jengo.

Muda wa kwenye tiketi unahesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho ya kule. Kanuni rahisi inayoukaribia kwa ndege kubwa za jeti ni hii:

kilomita za mstari ÷ 800, kisha ongeza dakika 30.

Ile 800 badala ya 900 imekwisha kubeba kupinda kwa njia. Zile dakika 30 ni za kutembea ardhini na za kupanda na kushuka. Jaribu:

Dar–Dubai: 3,978 ÷ 800 = 4.97, yaani saa 4 na dakika 58. Ongeza 30: saa 5 na dakika 28.
Dar–Nairobi: kilomita 668. Dakika 50 na 30: saa 1 na dakika 20.
Dar–Mwanza: kilomita 852. Saa 1 na dakika 34.
Kinshasa–Lubumbashi: kama kilomita 1,550. Saa 2 na dakika 26.
Nairobi–London Heathrow: kama kilomita 6,840. Saa 9 na dakika chache.

Fungua ratiba yoyote ulinganishe. Mara nyingi utakuta tofauti ya dakika kumi au ishirini, na hiyo ni kazi ya upepo, ya foleni za uwanjani, na ya mashirika kujiwekea akiba ili ndege ionekane imewahi.

Ndege ya mapanga hubadilisha hesabu. ATR 72 huenda kama kilomita 500 kwa saa ikiwa juu, Dash 8-400 hukaribia 650, na ile ndogo ya injini moja, Cessna Caravan, ni 300 hivi. Kwa ATR gawanya kwa 450 na ongeza dakika 20. Dar–Nairobi inakuwa saa 1 na dakika 49, karibu nusu saa zaidi ya jeti. Kwa hiyo kabla ya kulalamika kwamba shirika fulani linachelewesha watu, soma aina ya ndege kwenye tiketi, mara nyingi imeandikwa pale. Kwa Dar–Zanzibar aina ya ndege haileti tofauti kubwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya dakika zake zinaishia kwenye kupanda, kushuka na kutembea ardhini.

Kuhusu upepo, kuna fikra mbili za kuondoa. Ya kwanza ni kwamba kusi na kaskazi huisukuma ndege kama zinavyosukuma jahazi. Hizo ni pepo za chini. Ndege iliyo mita 11,000 juu imeziacha mbali, na inakutana na pepo za huko huko juu ambazo zina mwelekeo wake. Ya pili ni kwamba ndege ikienda magharibi inafika haraka kwa sababu dunia inazunguka kuja mashariki. Hewa inazunguka pamoja na dunia, hivyo hakuna faida hiyo. Tena mambo huwa kinyume: kwenye latitudo za Ulaya na Marekani pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi, na ndiyo maana London–New York huchukua karibu saa nane na kurudi ni saba. Uzito wa upepo uone kwa namba: safari ya kilomita 8,000 kwa ndege ya kilomita 850 kwa saa, upepo wa 100 ukiwa nyuma, ni saa 8 na dakika 25, upepo huohuo ukiwa usoni, ni saa 10 na dakika 40. Dar–Dubai inaelekea zaidi kaskazini na kusini, pepo za magharibi zinaipiga ubavuni, kwa hiyo kwenda na kurudi havitofautiani sana.

Hatua ya 5: Soma saa za tiketi bila kupotea

Hatua hii ndiyo inayowaachisha watu ndege, kuliko nyingine zote, kwa hiyo iende polepole.

Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mahali palipotajwa. Saa ya kuondoka ni ya Dar, saa ya kufika ni ya Dubai. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa 3 mbele ya saa ya kimataifa (UTC). Saudi Arabia na Qatar pia ni 3, kwa hiyo Jeddah na Doha hakuna kubadilisha saa. Falme za Kiarabu na Oman ni 4. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, yaani Goma, Bukavu na Lubumbashi, ni 2. Kinshasa ni 1, maana Kongo ni nchi moja yenye saa mbili. India ni 5 na nusu, na ile nusu husahaulika sana. Uingereza ni 0 wakati wa baridi na 1 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, basi tofauti yetu nayo ni saa 3 au 2 kutegemea mwezi.

Kupata muda halisi: toa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, kisha toa tofauti ya saa ukienda mashariki, au iongeze ukienda magharibi.

Mfano wa kwenda. Kuondoka DAR 01:10, kufika DXB 07:40. Tofauti ni 6:30. Dubai iko mbele kwa saa moja, toa moja: saa 5 na nusu.

Mfano wa kurudi. Kuondoka DXB 10:00, kufika DAR 14:30. Tofauti ni 4:30, ongeza moja: saa 5 na nusu ileile. Anayeangalia tiketi juu juu hudhani ndege ya kurudi ina mbio zaidi.

Ukiona +1 pembeni ya saa ya kufika, ni siku inayofuata. Kuondoka 22:50, kufika 05:20 +1: ongeza 24 kwenye saa ya kufika, iwe 29:20, toa 22:50, unabaki na 6:30, toa moja ya Dubai.

Kigali inachekesha macho zaidi. Ni kilomita 1,143 kutoka Dar, kama saa 1 na dakika 56. Ukiondoka 09:00 unafika 09:56 kwa saa ya kule. Tiketi inaonekana kama safari ya dakika 56, na ile ya kurudi kama ya saa tatu kasoro dakika nne.

Sasa mtego wetu wenyewe, sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Tiketi hutumia saa 24 zinazoanza usiku wa manane. Kugeuza: kuanzia 07:00 hadi 18:59 toa 6, basi 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Kuanzia 19:00 hadi 23:59 toa 18, basi 22:50 ni saa nne na dakika hamsini usiku. Kuanzia 00:00 hadi 06:59 ongeza 6, basi 01:10 ni saa saba na dakika kumi usiku. Dada wa ofisi ya tiketi akikuambia "saa saba", muulize palepale: saa saba ya mchana au ya usiku, na ni 13:00 au 01:00? Kuna wafanyakazi wanaosoma 07:00 kama "saa saba" kwa mazoea ya Kiingereza, na msafiri akajipanga kwa ndege ya mchana wakati ndege imekwisha kuondoka asubuhi.

Lililo gumu zaidi ni tarehe. Tuseme tiketi imeandikwa Jumamosi tarehe 15, saa 01:10. Kwa lugha yetu huo ni usiku wa kuamkia Jumamosi, na mtu wa kawaida huuita "Ijumaa usiku". Unatakiwa uwe uwanjani Ijumaa tarehe 14 saa nne usiku. Anayesoma "Jumamosi" na kujiandaa kutoka nyumbani Jumamosi usiku amechelewa kwa saa ishirini na zaidi, na tiketi nyingi za bei nafuu hazirudishi chochote. Ndege nyingi za Ghuba na Ulaya huondoka Afrika Mashariki usiku, kwa hiyo hili si jambo la nadra. Tiketi yoyote yenye saa kati ya 00:00 na 04:00, iandike kwenye kalenda kwa maneno, "usiku wa kuamkia tarehe fulani, toka nyumbani jioni ya tarehe fulani", na mpelekee pia atakayekuendesha.

Hatua ya 6: Kama kuna kuunganisha

Hapa kilomita zinadanganya tena. Dar–Nairobi–Dubai ni 668 na 3,559, jumla kilomita 4,227, yaani 249 tu zaidi ya njia ya moja kwa moja. Ukitazama ramani unaona ni kama kupita mlangoni tu. Lakini kwa kanuni yetu ni saa 1 na dakika 20, pamoja na saa 4 na dakika 57, jumla saa 6 na dakika 17. Zile dakika 30 za ardhini zimelipwa mara mbili. Halafu ongeza kusubiri. Saa tatu za Nairobi, na safari imekuwa zaidi ya saa tisa.

Kusubiri kwenyewe kunategemea tiketi. Zikiwa ndege zote mbili ziko kwenye tiketi moja, mzigo huandikishwa hadi mwisho, na ya kwanza ikichelewa ni wajibu wa shirika kukutafutia nyingine. Zikiwa tiketi mbili tofauti, ni wewe: unashuka, unapita uhamiaji, unachukua begi, unarudi kaunta upya, na shirika la pili halijui lolote kuhusu la kwanza. Usikubali chini ya saa 4 kwa hali hiyo, na kama ndege ya pili ndiyo ya mwisho ya siku, lala hapo.

Neno "moja kwa moja" nalo liulizie. Ndege inaweza kuwa na namba moja tangu mwanzo hadi mwisho na bado ikatua Zanzibar au Kilimanjaro kushusha na kupakia. Hushuki wewe, lakini muda unaongezeka kwa saa moja na kitu. Tazama sehemu ya vituo kwenye tiketi, isome 0 ndipo uamini.

Hatua ya 7: Mlango hadi mlango

Kwa ndege ya kimataifa panga kufika uwanjani saa 3 kabla. Kaunta za mizigo kwa kawaida hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, na geti hufungwa mapema pia, kwa hiyo "ndege bado ipo, naiona kwenye kioo" haimsaidii mtu. Kwa Dar, ndege za kimataifa zinatumia Jengo la Tatu. Ukishushwa Jengo la Pili na mizigo, umejiongezea kazi. Barabara ya Nyerere jioni ina foleni, hesabu saa nzima kutoka Kariakoo ingawa umbali ni mfupi.

Jumlisha: barabara saa 1, uwanjani saa 3, ndege saa 5 na nusu, uhamiaji na mizigo Dubai saa 1, teksi nusu saa. Ni saa 11. Nusu tu ya hizo uko angani. Ukitoka nyumbani saa tatu usiku kwa ile ndege ya 01:10, utafungua mlango wa hoteli baada ya saa 11 na dakika 10 za safari, yaani kwenye saa tatu na dakika kumi asubuhi ya Dubai, wakati nyumbani ni saa mbili na dakika kumi. Anayekupokea mwambie saa ya kutua pamoja na saa moja, kwa saa ya kwao, na mtumie namba ya ndege. Kwa namba hiyo ataiona kwenye simu ikiwa imechelewa, hata wewe ukiwa bado uko hewani bila mtandao.